Jumamosi ya Kusikiliza, Mikindani

Baba Mdogo aliporudi kutoka Ujerumani mwezi Mei 2025 hakuleta jaketi wala manukato, kama alivyotuzoesha enzi zake za ubaharia. Alileta begi zima la vipeperushi vya spika, amplifaya na mashine za santuri, pamoja na wazo ambalo sisi wanawe tulilipokea kwa heshima na kulipuuza kwa siri, tukilihesabu kuwa ni la mtu aliyestaafu akakosa shughuli. Alitaka nasi tufanye maonyesho yetu, nyumbani kwake Mikindani, ya watu wachache, kwa mashine tulizonazo.

Alikuwa amealikwa Munich na Mjerumani mmoja waliyewahi kufanya kazi pamoja katika chumba cha injini, na huyo ndiye aliyempeleka kwenye High End, maonyesho ya vifaa vya muziki wa nyumbani yaliyoanzia Düsseldorf mwaka 1982, yakapita Frankfurt, kisha yakatulia Munich kuanzia 2004. Mwaka huo wa 2025 ulikuwa wa mwisho kwa Munich, kwa kuwa waandaaji walikwisha kutangaza kuyahamishia Vienna mwaka 2026. Kwa maelezo ya Baba Mdogo, unashuka treni katika kituo cha Kieferngarten, unafuata msururu wa wanaume wenye mvi, na huwezi kupotea. Ndani mna kumbi na vyumba vyenye kuta za vioo, kila chumba kina wenyewe, kila wenyewe wana viti vyao, nawe unakaa, unasikiliza dakika kumi, unatoka na kijitabu. Zipo jozi za spika ambazo bei yake, ukiigeuza kuwa shilingi, inajenga nyumba Mtwara mjini, inazungusha uzio na kubakiza cha kuchimbia kisima.

"Lakini sikusikiliza," alituambia huku akizipanga zile karatasi mezani kama mtu anayegawa karata. "Nilitazama tu. Kila muuzaji alichagua wimbo mwenyewe, na kila muuzaji alikwisha kuniambia bei kabla hajaupiga."

Alilalamika pia kwamba vioo vilirudisha sauti kama ndoo tupu, na kwamba ngoma za chumba cha jirani zilipenya katikati ya fidla za chumba alichokuwamo. Alizunguka siku mbili, akatoka akiwa hawezi kusema kwa hakika ipi ilikuwa nzuri na ipi ilikuwa ghali tu. Kwa mtu aliyetumia zaidi ya miaka thelathini akitambua ugonjwa wa injini kwa sikio, hilo lilikuwa jambo la kumkosesha usingizi. Ndipo akatunga masharti mawili ya maonyesho yake: mwenye mashine hachagui wimbo, na msikilizaji haioni mashine.

Siku yenyewe ilipangwa Jumamosi moja ya Desemba, wakati korosho zimeuzwa na watu wana nauli. Nilitoka Mtwara mjini asubuhi kwa bajaji, spika zangu mbili zikiwa zimekaa kiti cha nyuma kama abiria na mimi nimebanwa pembeni nikiwa nimepakata betri ya sola. Safari ni kama kilomita kumi tu, lakini dereva alikwenda polepole mno, kwa sababu nilikuwa nimemwambia kwamba mzigo ule ni wa kuvunjika, na tangu hapo akawa anasimama kabla ya kila tuta kana kwamba tumebeba mayai.

Nyumba ya Baba Mdogo ni ya zamani, ya mawe ya matumbawe na chokaa, aliyoirithi kwa mama yake na kuikarabati kidogo kidogo kila aliporudi likizo. Wanaozifahamu nyumba za aina hii katika pwani yetu wanajua kwamba upana wa chumba haukuamuliwa na mwenye nyumba. Uliamuliwa na mkoko, kwa sababu boriti zinazobeba dari zina urefu wake, na zaidi ya mita mbili na nusu au tatu hazikubali kuvushwa. Ndiyo maana sebule yake ina umbo la mtumbwi: mita 8.2 kwa urefu, mita 2.8 kwa upana. Kuta ni nene, zimechimbwa vidaka vya kuwekea taa na vitabu, hakuna ukuta ulionyooka kabisa, na dari yenyewe ni boriti za mviringo zilizopangwa mojamoja. Nyumba ninayopanga mimi mjini ni ya tofali za saruji, ina marumaru sakafuni, jipsamu darini na madirisha ya alumini. Nilimsikia Baba Mdogo akipiga kofi moja katikati ya sebule yake, na kofi likafa papo hapo. Ukipiga kofi kwangu, linajibiwa mara tano, likitetema kama bati lililolegea. Tofauti hiyo niliitambua kabla hata waya mmoja haujaunganishwa, na nikaanza kuwa na wasiwasi juu ya mambo yote niliyowahi kuamini kuhusu spika zangu.

Zilikuja mashine nne. Ya tano, redio kaseti ya jirani mmoja mzee, ilikataa kuwaka, ikabaki barazani, kaseti ikiwa ndani yake.

Mashine ya mwenyeji ndiyo iliyotukutanisha, nami nitaieleza kwa kirefu kidogo. Santuri zake huzungushwa na Thorens TD 160, mashine ya chapa ya Uswisi iliyotoka mwaka 1972, ambayo sahani yake inavutwa kwa mkanda wa mpira na kuning'inia juu ya springi, hata ukigonga meza sindano haishtuki. Sauti inakuzwa na amplifaya mbili za valvu, zile chupa za kioo zinazowaka ndani, aina ya Quad II, muundo wa mwaka 1953, kila moja ikitoa wati 15. Spika ni Quad ESL, zilizoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1957, alizozinunua mkononi mwa mtu huko Liverpool akiwa bado kijana, akazisafirisha kwa meli aliyokuwa akifanyia kazi, zikiwa zimefungwa katikati ya magodoro mawili. Mtu asiyezijua hawezi kudhani kwamba ni spika. Ni pana, bapa, zimepinda kidogo na zimefunikwa na wavu wa chuma wa rangi ya shaba. Kijana mmoja alipoingia aliuliza kwa adabu kama zile ni hita, na akashangaa mtu wa Mikindani anahitaji hita ya nini.

Ndani yake hamna sumaku wala koni ya karatasi. Kuna utando wa plastiki, mwembamba kuliko mfuko wa dukani, uliochajiwa kwa volti elfu kadhaa, zile sehemu za besi zikifikia takriban 6,000, na utando huo unasukumwa na kuvutwa kwa umeme tuli kati ya vibao viwili vyenye matundu. Kwa kuwa utando ni mwepesi kama hewa inayouzunguka, hauchelewi kuanza wala hauchelewi kunyamaza. Ubaya wake ni kwamba haupendi kupigwa kwa nguvu, kwani ukizidisha, cheche hutoboa utando, na wala haupendi unyevu. Sasa fikirieni mtu anayeziweka spika hizo umbali wa kutupa jiwe kutoka Bahari ya Hindi. Baba Mdogo huziacha zikiwa zimefunikwa shuka siku zote, na kabla ya kuzitumia huwasha balbu ya njano nyuma yake kwa saa tatu nzima ili zikauke.

Yule kijana aliyeuliza habari za hita alikuwa amekuja na sabufa yake, ya kisasa, yenye taa za rangi zinazopepesa. Kwenye boksi iliandikwa wati 12,000 P.M.P.O. Baba Mdogo aliigeuza kwa upole, akavaa miwani, akatusomea kibandiko kidogo kilichopo nyuma: inakula wati 80 kutoka ukutani. Hatukumcheka kijana, maana sisi sote tumewahi kununua herufi zile P.M.P.O., ambazo maana yake halisi ni kwamba mchapaji wa boksi alikuwa huru. Mimi nilikuwa na spika mbili ndogo za rafu, za mtumba, nilizozinunua Kariakoo, na amplifaya ya kisasa ya daraja la D, ndogo kama kisanduku cha sabuni, inayotumia betri ya sola moja kwa moja. Mashine ya nne ilikuwa ya daktari mmoja wa Lindi, ya Kijapani, nzuri na nadhifu, nayo ilifanya kazi yake bila kosa na bila kuacha kumbukumbu yoyote kichwani mwangu, jambo ambalo pengine ni sifa.

Wasikilizaji tulikuwa tisa. Ninayelazimika kumtaja ni Mwalimu, mama mstaafu aliyefundisha kwaya Ndanda kwa miaka mingi, ambaye hana redio hata moja nyumbani kwake na aliyekuja, kwa maneno yake mwenyewe, kumsalimia Mama Mdogo na kula korosho. Korosho zenyewe zilizua sheria ya tatu, iliyotungwa palepale: ni marufuku kutafuna wakati wimbo unaendelea, kwa sababu mtafunaji anajisikia mwenyewe kichwani, na anayekaa kando yake pia anamsikia.

Kwanza tulitafuta pa kuziweka spika, na kazi hiyo ilitumia asubuhi yote. Tulianza na sabufa, ikaegeshwa ukutani kama inavyoegeshwa kila nyumba, tukakaa kwenye benchi refu lililokatiza chumba kwa upana. Mara ukazuka ubishi. Aliyekaa ukingoni, bega likigusa ukuta, alisema besi ni nyingi mpaka inachukiza. Aliyekaa katikati alisema hakuna besi kabisa. Walikuwa benchi moja, wimbo mmoja, dakika moja. Wakabadilishana nafasi, na kila mmoja akayachukua maneno ya mwenzake.

Baba Mdogo alikuwa anausubiri ubishi huo kwa hamu. Alichukua chaki, akaandika sakafuni. Katika joto la siku ile sauti husafiri takriban mita 350 kwa sekunde. Wimbi ambalo nusu yake inaenea kati ya kuta mbili ni lile ambalo urefu wake ni mara mbili ya chumba. Kwa upana wa mita 2.8 unagawa 350 kwa 5.6, unapata hezi 62.5, yaani mitetemo 62.5 kwa sekunde, na hapo ndipo gitaa la besi na ngoma kubwa hufanya makazi. Kwa sauti hiyo, chumba chenyewe kinageuka kuwa ala: shinikizo la hewa linapanda na kushuka kwenye kuta zote mbili na kutulia katikati, hivyo aliye ukutani anapigwa na besi na aliye katikati ananyimwa.

Kwa urefu wa chumba, mita 8.2, hesabu hiyo inatoa hezi 21 hivi, chini kabisa ya kile ambacho muziki wetu mwingi unakitumia, kwa hiyo upande huo haukutusumbua. Tuliivuta sabufa kutoka ukutani hatua mbili, tukaigeuza, tukaisogeza tena. Ubishi ulipungua lakini haukuisha. Zilipowekwa zile Quad mwisho wa chumba, zikitazama kwa urefu, mita moja na nusu kutoka ukuta wa nyuma yake, ubishi uliisha kabisa, na sababu yake ni ya kupendeza. Utando ule hutoa sauti mbele na nyuma, lakini ubavuni hautoi karibu chochote, kwa kuwa wimbi la mbele na la nyuma huuana pembeni. Spika isiyosema ubavuni haiwezi kuuchokoza upana wa chumba. Benchi zima tulisikia besi moja. Ilikuwa besi ndogo, isiyotikisa mtu, lakini ilikuwa ya kila mmoja wetu.

Baada ya swala ya adhuhuri na chakula, Mama Mdogo alitoa khanga nne, zikaunganishwa kwa pini na kutundikwa kwenye kamba mbele ya mashine zote. Khanga ni nyepesi, sauti hupita bila kuzuilika. Mashine zote nne zilipewa santuri ile ile kutoka kwenye Thorens, na kabla ya kila mashine kusikilizwa, binti mmoja wa nyumbani alishika simu yenye programu ya kupima sauti hapo tunapokaa, na mwenye mashine akapandisha au kushusha mpaka isome desibeli 75. Mwanzoni niliona ni urasimu. Nilibadili mawazo mapema, kwa sababu katika raundi ya majaribio, kabla ya kupima, wengi tuliinyooshea mikono sabufa ya kijana, nami nikiwamo. Ilikuwa imefunguliwa zaidi kidogo tu kuliko nyingine, na sikio la mwanadamu, likipewa sauti kubwa kwa kiasi kisichotambulika, haliiti kubwa, linaiita nzuri. Kumbukeni pia kwamba sikio halisikii besi sawasawa na sauti za kati wakati muziki uko chini, jambo lililopimwa na Fletcher na Munson huko Marekani mwaka 1933, ndiyo maana kila kitu kikifunguliwa zaidi huonekana kimenenepa. Desibeli zilipolingana, mikono iliyobaki kwa sabufa ilikuwa miwili, na mmoja wapo ulikuwa wa mwenyewe, aliyeitambua.

Nyimbo zilichaguliwa kwa kura ya kuokota karatasi kikombeni. Kijana aliomba singeli, akanyimwa kwa ajili ya afya ya utando. Ilipigwa taarabu ya zamani yenye ala za nyuzi za kanuni na udi, halafu okestra ya Ulaya ambamo klarineti inapiga peke yake kwa muda mrefu. Hapa naomba niende pembeni kidogo. Klarineti nzuri huchongwa kwa mpingo, na mpingo ni mti wa huku kwetu, wa Lindi na Mtwara, ule ule wanaouchonga Wamakonde. Misitu ya vijiji vya Kilwa inauvuna kwa utaratibu na kuuza nje. Nilikaa nikijiuliza kama gogo la ala ile lilipita bandari gani, na kwa kujiuliza huko nikaikosa nusu ya raundi, nikalazimika kutopiga kura.

Katika taarabu, nyuma ya khanga, kulikuwa na mashine moja iliyonifanya niinue kichwa. Mpiga kanuni alipodonoa uzi, nilisikia donoa lenyewe, kisha uzi, kisha ubao wa kanuni ukijibu, vitu vitatu vilivyofuatana, ilhali katika mashine nyingine vilikuwa kitu kimoja. Mwimbaji alivuta pumzi kabla ya ubeti, na mama mmoja kwenye benchi naye akavuta pumzi bila kujijua. Nilipiga kura bila kusita. Khanga ilipoteremshwa zilikuwa Quad, na nilijisikia vibaya kidogo, kwa maana nilikuwa nimejiandaa kwa miezi kuandika kwamba vifaa vya gharama ni upuuzi wa matajiri. Spika zangu za Kariakoo zilipata kura mbili katika okestra, moja ikiwa ya daktari, ambaye huenda alikuwa na huruma.

Saa tisa na robo umeme ulikatika. Hakuna aliyeshtuka. Nikachomeka simu yangu kwenye kile kisanduku changu cha betri, na kwa muda wa nusu saa, wakati jenereta inatafutiwa petroli, mashine dhaifu kuliko zote ilikuwa ndiyo pekee inayopiga Mikindani, angalau katika mtaa ule. Nakiri nilifurahi kupita kiasi.

Jenereta iliwashwa nyuma ya nyumba, valvu zikaanza kuwa nyekundu tena, na baada ya dakika chache ile santuri ya taarabu ikarudishwa pale ilipoachwa. Ikapiga kama mistari miwili. Mwalimu akaacha korosho mkononi.

"Imepanda," alisema.

Baba Mdogo alimwambia kwamba haiwezekani, santuri ni ile ile.

"Kaka, do imepanda. Imezidi nusu toni kidogo. Yule mama sasa anaimba kama binti yake."

Mwenyeji wetu ana kifaa cha kumaliza ugomvi wa aina hiyo: duara la karatasi lenye mistari 180 ukingoni, ambalo unaliweka juu ya sahani inayozunguka na kulimulika kwa taa ndogo ya neoni. Umeme wa hezi 50 huifanya taa hiyo imulike mara 100 kwa sekunde, na sahani ikienda mizunguko 33⅓ kwa dakika kama inavyotakiwa, kila mmuliko unaukuta mstari mahali ulipokuwa mwenzake, na jicho linaona mistari imesimama. Ikiwa kasi ni kubwa mistari inatambaa mbele. Ikiwa ndogo inarudi nyuma. Taa za LED za siku hizi hazifai kwa kazi hii, kwa kuwa nyingi hazipepesi ipasavyo. Tukainama sote, vichwa vikigongana. Mistari ilikuwa imesimama tuli, kama imechorwa ukutani.

"Umeona, Mwalimu?" akasema Baba Mdogo. 

"Nimeona," akajibu. "Na imepanda."

Kukawa kimya cha kutosha kusikia jenereta. Nadhani ndicho kilichomzindua Baba Mdogo, kwani alisimama ghafla kwa mtu wa umri wake, akatoka na mita yake na kuichomeka kwenye soketi. Ilisoma hezi 52.1. Jenereta ndogo, isipolemewa na mzigo, hukimbia. Mota ya Thorens ni ya kufuata masafa ya umeme, haijali volti. Umeme ukienda hezi 52.1, nayo inakwenda hivyo. Na ile taa ya neoni, ambayo tulikuwa tumeiita kama shahidi, ilikuwa inakula kwenye soketi hiyo hiyo, ikimulika haraka zaidi kwa kiasi kile kile. Mshtakiwa na shahidi walikuwa wamekuja kwa gari moja.

Ili kumaliza kesi, alibandika kipande cha karatasi kwenye lebo ya santuri, akanipa simu nihesabu muda, na watu wazima tisa tukahesabu kwa sauti, kama darasa la kwanza, mizunguko mia moja. Kwa kasi sahihi mizunguko mia huchukua dakika tatu kamili, yaani sekunde 180. Ilichukua 173. Hiyo ni zaidi ya asilimia nne, ambayo kwa muziki ni kama theluthi mbili za nusu toni, yaani za hatua kati ya kitufe kimoja na kinachokifuata kwenye kinanda. Kumbe Mwalimu alikosea hapo tu, kwamba alidhani imezidi nusu toni wakati haijaifikia. Alikubali kosa lake kwa furaha isiyo ya kawaida, kisha akaomba tuongezewe chai.

Baba Mdogo alikwenda nyuma ya nyumba na bisibisi, kijana wa sabufa akasimama sebuleni akisoma mita kwa sauti kupitia dirishani, "hamsini na moja nukta nne, mzee... hamsini nukta sita... rudisha kidogo," mpaka ikatulia hamsini. Santuri ikapigwa upya. Mwalimu alifumba macho mstari wa kwanza, akayafumbua, akaokota korosho yake.

Jua lilipoanza kushuka upepo wa baharini ukageuka, na unyevu ukaingia sebuleni na kushika shingo za watu. Muda si mrefu spika ya kushoto ikaanza kutoa mlio mdogo, tik, tik, kama mjusi wa ukutani. Kijana alidhani ni mjusi kweli, akatazama darini. Baba Mdogo hakusema neno. Alishusha sauti, akazima amplifaya, akachomoa waya wa umeme wa spika, akachukua lile shuka. Chaji ilikuwa inavuja, alieleza baadaye, na kuendelea kupiga ni kuutoboa utando ambao hapa Tanzania hakuna wa kuubadilisha. Kwa hiyo mashine bora ya siku ile ndiyo iliyokuwa ya kwanza kwenda kulala, na magharibi ilitukuta barazani tukisikiliza sabufa, kwa sauti ya chini, bila khanga, taa zake zikipepesa, na singeli hatimaye ikaruhusiwa.

Nimerudi kwangu na vipimo. Sebule yangu ni mita nne kwa nne, mojawapo ya maumbo mabaya zaidi kwa muziki, kwa sababu wimbi la urefu na la upana yanaangukia mahali pamoja, hezi 44 hivi, yakashikana mikono. Nimezitoa spika ukutani sentimita themanini, nimetandika mkeka mnene juu ya marumaru, nimejaza vitabu kwenye rafu ya nyuma bila kuvinyoosha, na kofi langu sasa linajibiwa mara mbili badala ya tano. Mke wangu alizizunguka spika zikiwa katikati ya njia ya kwenda jikoni, akasikiliza wimbo mmoja mzima akiwa amesimama, akakiri kwamba mwimbaji amesogea. Kisha akanipa mpaka Ijumaa, wageni wake kutoka Nachingwea watakapofika, zirudi ukutani.